Magari Mawili, Daraja Moja

Bariadi,
14 Julai 1996

Kwako mke wangu mdogo Monika,

Nakuamkia kwa salamu ya kwetu, mwangaluka, nawe uitikie hukohuko Mwanza hata kama wenzako wa ofisini watakushangaa. Sisi hatujambo. Ng'ombe nao hawajambo, isipokuwa yule mwenye baka usoni amevimba mguu, na mimi nimevimba goti la kulia, kwa hiyo zizini tunachechemea wawili. Bibi yako Milembe ni mzima kupita kiasi. Anauliza utaolewa lini. Nimemjibu kwamba ulishaolewa na mimi, akaguna akaenda zake.

Pamba ya mwaka huu si mbaya. Tangu waruhusu kila mwenye mizani anunue, wanunuzi wanatufuata mpaka jikoni, wanatuita mzee, wanatushikia hata jembe. Mwaka jana bei ilipopanda, wenzangu wengine walikunywa na wengine walioa. Mimi niliuza pamba na maksai wanne juu yake, nikanunua pikapu, na sijuti.

Sasa nikuambie jambo. Kijiji chetu chote, kuanzia mtoni mpaka kwa Kwandu kule juu, kina magari mawili. La kwanza ni pikapu yangu. La pili ni Landrova ya kampuni ya pamba, ambayo anaiendesha mnunuzi wao, mkwe wangu Shigela, mume wa mama yako mdogo Joyness. Ni magari mawili tu, Monika, na barabara ni ndefu mpaka Bariadi mjini. Jumamosi iliyopita, siku ya mnada, yamegongana.

Usishtuke. Hakuna aliyeumia. Ilikuwa pale kwenye daraja jembamba, mchana kweupe, jua linawaka, hakuna vumbi, hakuna ng'ombe njiani. Pikapu ilikuwa inaendeshwa kwa utaratibu mzuri kabisa. Imepoteza taa moja na bampa limepinda likawa kama mtu anayecheka upande. Landrova nayo imeumia taa na ubavu. Kuku wangu wawili niliokuwa nawapeleka mnadani walitoka kwenye tenga, na mmoja mpaka leo hajaonekana.

Kampuni inasema kosa ni la pikapu, na nisipolipa italeta wakili. Wewe unafanya kazi kwa wakili. Niambie, na sisi tuweke wa kwetu, au niache? Sitaki kushindwa na taa ya gari katika uzee huu.

Wako katika ujenzi wa soko huria,
Babu yako Mayige,
dereva mstaafu wa trekta la ushirika.


Mwanza,
27 Julai 1996

Kwako mume wangu mzee,

Nimeitikia salamu yako kwa sauti ofisini, na kweli wamenishangaa. Mimi ni mzima. Mwanza kuna joto na dagaa. Nguo za mitumba zimejaa mpaka wauza samaki wanavaa makoti ya wazungu. Mpe pole mwenye baka, nawe pole kwa goti. Mwambie mke mwenzangu kwamba nitaolewa siku atakaponiachia mume.

Babu, nimecheka mpaka nikakosea barua ya watu niliyokuwa naichapa. Nchi nzima hii, mmejaliwa magari mawili, mkayagonganisha. Hata mngepanga msingeweza.

Nimemwuliza bosi wangu, Wakili Januarius, kwa njia ya kuzunguka, nikisema ni habari ya jirani. Amesema kabla ya yote wakili hutaka kujua mambo haya: magari yalikuwa na mwendo gani, nani alitangulia kuingia darajani, breki zilikuwa nzima au la, mashahidi ni nani, na nani alikuwa kwenye usukani. Hili la mwisho alilirudia mara mbili. Nakuomba unijibu yote, hata kama jibu ni wewe. Katika barua yako pikapu inaendeshwa, lakini haina dereva.

Nikwambie ukweli, mimi ningependa tuweke wakili. Mwaka wa pili huu nachapa kesi za mipaka ya viwanja, na sijawahi kuchapa kesi yenye kuku. Lakini baba mdogo Shigela ni mkweo. Mama mdogo Joyness ana miaka tisa kwake na watoto wanne, na ng'ombe wa mahari walishaliwa na kuzaa na kuliwa tena. Ukimfikisha mahakamani mumewe, yeye atakaa upande gani?

Hata hivyo nakuambatishia karatasi. Ni notisi, imechapwa vizuri na ina muhuri. Inaiambia kampuni kwamba mzee Mayige anao wasomi nyuma yake. Ukiionyesha tu watanyamaza, wala hutahitaji kufika mbali.

Mke wako mdogo,
Monika.


Bariadi,
19 Agosti 1996

Kwako mke wangu mdogo,

Barua yako ilichelewa. Kondakta aliyeibeba alipitia msibani Maswa kwanza, akakaa siku nne, akala vizuri, ndipo akatukumbuka. Huku tu wazima. Mwenye baka amepona. Mimi bado. Goti limekuwa kubwa kama kibuyu, na bibi yako analikanda kwa maji ya moto na maneno makali.

Nijibu maswali ya wakili. Mwendo ulikuwa wa mtu anayekwenda kanisani. Walioingia darajani waliingia pamoja. Breki ni nzima, nilizikagua mwenyewe. Mashahidi ni watu wa mnada waliokuja mbio baadaye, wakaona magari yamekumbatiana. Nadhani hapo nimemaliza maswali yote.

Ile karatasi yako, Monika, ni kali kuliko pilipili. Niliisomesha kwa katekista mbele ya watu baada ya ibada, kwa kuwa neno la kisheria linahitaji sauti. Watu walitikisa vichwa. Nilikaa kwenye kiti changu kama mtemi. Nilifurahi siku hiyo yote.

Siku ya pili sikufurahi sana. Kumbe mtu aliifikisha habari kwa meneja wa kampuni mjini, naye akaogopa muhuri. Amemwambia Shigela asinunue pamba hata kilo moja mpaka jambo hili liishe na mpaka aandike jina la dereva aliyegongana naye. Shigela amekataa kuandika. Meneja anasema basi anaficha kosa lake, na mwisho wa Oktoba kama hajaandika, kazi hana na Landrova inapewa mtu mwingine. Sasa anakaa nyumbani katikati ya msimu, mizani imening'inia kwenye mti, kuku wanailalia. Joyness alikuja juzi na watoto wote wanne. Aliosha vyombo vya mama yake vyote, hata vilivyokuwa safi, kisha akaondoka.

Naomba uniulizie kwa wakili mambo mawili kwa njia yako ya kuzunguka. Kwanza, kesi ikienda mahakamani, dereva lazima asimame mbele ya watu aseme kwa mdomo wake? Pili, sheria inaruhusu mashahidi wawili kusimama wamepeana migongo?

Bibi yako anakusalimu. Nimekutumia michembe, viazi vyetu vikavu, kwenye mfuko wa sukari, usidanganyike kwa maandishi ya nje.

Ni mimi Babu yako Mayige.


Mwanza,
1 Septemba 1996

Kwako mume wangu,

Michembe imefika, imeliwa, na imelalamikiwa kwamba ni kidogo. Afya yangu nzuri. Roho yangu haiko vizuri, na nakuandikia nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nina jambo nililokuficha. Ile notisi, Wakili Januarius alikuwa haijui. Niliichapa saa ya chakula, nikagonga muhuri yeye akiwa mahakamani. Kila mtu ana ugonjwa wake, wangu ni kupenda muhuri. Juzi alikuwa anatafuta karatasi ya kaboni, akaiinua kwenye mwanga ili aone kama bado inafaa, akasoma maneno yote: mzee Mayige, pikapu, kuku mmoja hajaonekana. Aliniita. Nilidhani siku yangu ya mwisho kazini imefika, nikaanza kuwaza kulima pamba.

Hakunifukuza. Alinisema kwa nusu saa bila kunyanyua sauti, na hiyo ni mbaya zaidi. Kisha akasema, "Monika, huyo jirani yako ni babu yako?" Nikasema ndiyo. Akasema mficha uchi hazai, na kwa wakili vilevile. Yuko tayari kuichukua kesi hii kwa heshima tu, bila malipo, lakini dereva aje ofisini aape kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Kama dereva haji, notisi ichomwe moto na babu akamwombe radhi mkwewe. Kuhusu mashahidi kupeana migongo, alisema katika miaka ishirini ya kazi hajawahi kuulizwa.

Sasa babu, nikae kitako nikuulize kama mke anavyomwuliza mume. Siku ya mnada goti lako la kulia lilikuwa limevimba. Umeniandikia mwenyewe. Mwenye baka anachechemea huku, wewe unachechemea kule. Breki ya pikapu inakanyagwa kwa mguu gani? Uliikanyagaje?

Na baba mdogo Shigela, mtu asiyejua kukaa kimya tangu nimjue, kwa nini akose kazi kuliko kuandika jina moja? Kama dereva ni wewe, kukuandika kuna ugumu gani, na kijiji kizima kimesikia katekista akilisoma jina lako?

Nimeshawawaza watu wote wa kijiji. Nikadhani ni kamanda wa sungusungu, nikaona hapana, yeye hata baiskeli anaisukuma. Niambie. Mimi ndiye niliyewasha moto huu kwa ile karatasi, na mama mdogo anaosha vyombo vilivyo safi kwa sababu yangu.

Monika.


Bariadi,
29 Septemba 1996

Kwako mke wangu mdogo,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima. Mvua bado, lakini mawingu yameanza kuzungumza. Kuku yule aliyepotea ameonekana kwa Kwandu, ameshataga, na Kwandu anasema mayai ni ya mwenye nyumba. Tunalitafakari.

Kuhusu swali lako la breki, ni swali la mtoto mwenye akili, na nitalijibu kwa utaratibu. Kwanza yafaa ujue kwamba trekta la ushirika lilikuwa na breki mbili, na mimi nililiendesha miaka kumi na moja bila kugonga hata kichuguu. Pili, mguu wa kushoto wa mtu aliyezoea kazi unaweza

Mke mwenzangu Monika, mwangaluka. Ni mimi Milembe. Babu yako ameitwa nje, mwenye baka ameingia kwenye viazi vya watu. Ameacha kalamu mezani na mimi nimeichukua. Ukiona mwandiko umekuwa mkubwa ni kwa sababu nilijifunza kwenye elimu ya watu wazima, mwalimu wetu alikuwa haoni vizuri, basi tuliandika ili aone.

Dereva ni mimi.

Goti lilipoanza mwezi wa tano, babu yako hakutaka watu wajue kwamba hawezi kukanyaga breki. Pikapu ikakaa kwenye banda na kuku wakaigeuza kiota. Nikamwambia, nifundishe. Akacheka siku mbili, siku ya tatu akanifundisha. Tulikwenda malishoni kila alasiri watu wakiwa mashambani. Mimi nimeshika plau ya maksai tangu nikiwa msichana, Monika. Gari ni rahisi kuliko maksai, halilali katikati ya mfereji. Katika miaka yangu sitini na miwili sijawahi kufurahi kama siku niliyoingiza gia ya tatu. Nilipiga kigelegele mwenyewe ndani ya gari, na babu yako akashika mlango.

Siku ya mnada nikasema leo nakwenda mjini. Tulipofika darajani nikaona Landrova inakuja upande wa pili. Ndani yake yupo Shigela, mume wa mwanangu.

Wewe umekaa Mwanza muda mrefu, nikukumbushe. Mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Akija hapa nyumbani ananisalimu kutoka nyuma ya ukuta, nami namjibu kutoka jikoni. Tukikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwingine apite. Miaka tisa tumefanya hivyo na hatujakosana hata siku moja. Lakini darajani, mke mwenzangu, pori la kuingia halipo.

Nilivuta kanga nikafunika uso. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Shigela naye akanitambua, akageuza uso akatazama mtoni, ambako mwezi wa saba hakuna hata maji ya kutazama, ni mchanga mtupu. Babu yako alikuwa anapiga kelele, "Breki, Milembe, breki." Mwanamke aliyefunika uso husikia nusu. Tukagongana hivyo, kila mtu na adabu zake.

Hata baada ya kugongana hatukutoka. Tulikaa ndani ya magari tumepeana visogo, na babu yako anachechemea katikati, akiuliza huku, akijibiwa kule. Watu wa mnada walipoanza kuja mbio alinisukuma upande wa pili, akakaa yeye kwenye usukani. Uongo wote ulianzia pale. Mimi nilinyamaza kwa aibu, maana kumgonga mkwe ni jambo ambalo hata mababu hawakuliwekea jina.

Sasa Shigela haandiki jina la dereva kwa sababu jina lenyewe ni langu, na mtu hatamki jina la mama mkwe wake, sembuse kulipeleka ofisini. Angeweza kumsingizia babu yako, kijiji kizima kingemwamini. Hakutaka kusema uongo wala hakutaka kunitaja. Analinda jina langu kwa kazi yake.

Babu yako anataka wakili. Anasema wakili atapata njia. Mimi naona njia ni kwenda kwa meneja na miguu yangu niseme ni mimi. Lakini sina leseni, naogopa polisi, na zaidi naogopa wataninyang'anya usukani. Hilo silifichi. Niambie upesi, kabla Oktoba haijaisha. Nasikia babu yako anarudi, anatukana ng'ombe kwa upole, maana yake ameshalipa viazi.

Milembe.


Mwanza,
9 Oktoba 1996

Kwako mke mwenzangu Milembe, na yule mzee wa breki za mguu wa kushoto,

Nimemwomba kondakta asipitie msiba wowote, hata wa ndugu yake.

Bibi, nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma tena chooni ili nicheke bila kuonekana. Kisha nikalia kidogo. Sijui kama ni kwa ajili ya baba mdogo Shigela au kwa ajili ya gia ya tatu. Wewe, bibi. Ndani ya pikapu. Nimewaambia wasichana wote ninaokaa nao, na wawili wameahidi kujifunza kuendesha.

Nilimsomea Wakili Januarius neno kwa neno. Sikuzunguka tena, njia ya mwongo ni fupi. Nilipofika kwenye kanga alivua miwani. Nilipofika kwenye mchanga mtupu aliweka kichwa mezani, na mabega yakawa yanatikisika, mpaka mteja aliyekuwa anasubiri nje akaniuliza kama kuna kifo. Alipopata sauti alisema maneno haya, nimeyaandika palepale:

"Mwambie bibi yako asiweke wakili. Wakili kazi yake ni kutafuta nani mwenye kosa, na hapa nikimtafuta nitavunja nyumba ya watu. Aende kwa meneja aseme ukweli wote, asiache hata kanga. Aende polisi mwenyewe, kwa hiari yake, alipe faini ya kutokuwa na leseni, kisha aombe kufanyiwa mtihani. Hakuna sheria ya Tanzania inayomnyang'anya bibi usukani akifaulu. Na lile daraja si kazi ya mahakama. Hilo wakaliangalie wazee wa ukweni, la sivyo watagongana tena."

Ndilo jibu, bibi. Notisi ichomeni, na majivu msimpe katekista. Nami nimemwandikia mama mdogo barua yake peke yake, nikiomba radhi kwa mkono, bila muhuri.

Nenda bibi. Naomba uende.

Mke mwenzako,
Monika.


Bariadi,
8 Desemba 1996

Kwako mke wangu mdogo,

Mwangaluka. Mvua imenyesha vizuri, tumeshapanda mahindi, na pamba tunaitupa ardhini wiki hii. Mto una maji. Goti limeshuka tangu nilipoacha kusema uongo, na bibi yako anasema hivyo ndivyo magoti yalivyo. Hatukukuandikia mapema kwa sababu kila jambo lilikuwa linazaa jambo, nami sikutaka kukupa habari isiyo na mkia.

Bibi yako alikwenda kwa meneja siku tatu kabla Oktoba haijaisha. Alikataa nimsindikize ndani. Nilikaa nje kwenye marobota ya pamba nikisikiliza dirishani. Meneja ni kijana mgeni, amevaa tai. Akauliza, "Mama, kwa nini ulifunika uso gari likiwa linakwenda?" Akajibiwa, "Kwa sababu nilimwona mkwe wangu." Kisha nikasikia yule kijana anasema taratibu kwamba yeye naye ana mama mkwe, Moshi, na mwaka huu wote hajaenda kumsalimu. Alichukua fomu akaandika. Palipoandikwa chanzo cha ajali, aliandika neno moja, heshima. Nimeiona kwa macho yangu. Kila upande utatengeneza taa yake, na Shigela alirudi kwenye mizani siku ileile. Kuku wamehamishwa.

Huko polisi alilipa faini akapewa risiti, ameitia kwenye fremu. Mtihani wa leseni ulifanyika Bariadi mjini mbele ya trafiki. Alipoambiwa arudi nyuma alianza kuisemesha pikapu kama maksai, "rudi, rudi, taratibu," na trafiki akadhani anaambiwa yeye, akarudi hatua tatu. Amefaulu. Watu wa soko walimbeba. Mimi, dereva wa trekta miaka kumi na moja, niliachwa nimeshika kapu lake.

Wazee nao walikaa kikao siku mbili kuhusu lile daraja. Siku ya kwanza walikula mbuzi wa Shigela, aliyemtoa ili afunguliwe macho kwa mama mkwe wake. Siku ya pili walikula wa kwangu, kwa kosa la kukaa kwenye usukani usio wangu na kusomesha karatasi ya ukweni kanisani. Nawe umetozwa kwa ule muhuri. Unadaiwa kanga moja ya mama yako mdogo, uje nayo Krismasi. Uamuzi wao ni huu: mkwe ni mkwe akiwa anatembea kwa miguu yake, lakini akishika usukani ni dereva, na dereva lazima amtazame dereva mwenzake. Wakishuka garini, kila mmoja arudi nyuma ya ukuta wake. Nimeona ni sheria safi, mpelekee Wakili Januarius.

Yaliyotokea jana sikuyaona, nilikuwa shambani. Mwenyewe amesimama nyuma yangu anataka kalamu, na leo ananyoosha mkono bila kuomba.

Mke mwenzangu. Jana nilikuwa natoka mjini peke yangu. Nilipokaribia daraja nikaiona Landrova upande wa pili, imejaa pamba ya mwisho ya msimu. Nikasimama upande wangu, naye akasimama upande wake, maji yanapita chini. Kanga ilikuwa begani. Mkono ulitaka kuivuta wenyewe, nikaukataza. Nikakumbuka wazee na mbuzi wawili walioliwa, nikanyanyua uso.

Shigela alitoa kichwa dirishani akasema, "Pita, mama." Sauti naijua, nimeisikia miaka tisa kupitia ukutani. Nikaingiza gia nikapita darajani polepole, na nilipofika ubavuni kwake nikamtazama kama sheria inavyotaka. Naye akanitazama. Kisha akacheka.

Monika, ana mwanya. Meno ya mbele, mwanya mzuri kabisa. Miaka tisa mwanangu ameolewa na mtu mwenye mwanya, nami nampikia, napata wajukuu, na sijui. Nilishangaa kila mjukuu anaota meno na mwanya, nikasema labda ni maji ya kisima. Nimelia kwa furaha kutoka darajani mpaka nyumbani, na gari sijaligonga mahali popote.

Krismasi shuka stendi ya Bariadi, usipande gari jingine. Nitakuja kukuchukua.

Mke mwenzako,
Milembe, dereva.